Nani Aliyemwua Rosa?



Juma lililopita, baada ya Misa katika kigango cha Mloka, mzazi mmoja alitujia na nakala chakavu ya Rosa Mistika aliyoikuta katika mkoba wa binti yake. Alitaka tumwambie kama kukisoma kitabu hicho ni dhambi. Tulimwomba atuachie, tukakisoma upya. Jibu letu ni kwamba kukisoma si dhambi. Ila tunakisoma vibaya.

Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma katika Seminari ya Nyegezi, ilitoka mwaka 1971, ikazua ghasia na kupigwa marufuku shuleni. Jina lake limetoka katika Litania ya Mama Maria, Waridi lenye fumbo, na hilo liliwaudhi wengi. Walioudhika walihesabu mambo ya chumbani. Viboko hawakuvihesabu. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi, anayempiga vikali kwa sababu ya barua ya mvulana aitwaye Charles. Analelewa kwa kukatazwa, si kwa kufundishwa. Anapofika shule ya bweni, anapotea. Hatimaye Charles yule yule anataka kumwoa, anagundua kwamba si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Sasa sikilizeni tunavyoisimulia habari hiyo: aliharibika, akajiua. Basi! Zakaria hayumo. Wanaume waliomchezea hawamo. Charles, ambaye hakuna aliyeuliza habari za usafi wake, naye hayumo. Kifo cha mwanamke tumekifanya fimbo ya kuwatishia mabinti wengine. Hata yule mwanamke wa Injili aliyeletwa mbele ya Bwana kwa uzinzi, je, alifumaniwa peke yake? Mwanamume alikwenda wapi?

Kezilahabi aliuliza. Hakumwacha Rosa kaburini, bali anamfikisha yeye na baba yake mbele ya Mungu, na huko lawama zinasemwa wazi. Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Mwaka 1971 bado ilitumika Sheria ya Kanisa ya 1917, iliyowanyima mazishi ya Kikanisa waliojiua kwa kusudi. Sheria ya 1983 haina tena katazo hilo, na Katekisimu ya 1992 yatufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wao, tena tuwaombee. Mtunzi alimpeleka Rosa kwa Mungu wakati ambapo sisi mapadre tungemzuia mlangoni.

Wala tusijidai kwamba tumebadilika sana. Miaka michache iliyopita tulimzika dada mmoja aliyekuwa mhudumu wa baa. Waliofika makaburini hawakutosha kupokezana jeneza. Wanaume waliokuwa wakimwita kwa jina la utani walikaa ng'ambo ya barabara, wakitazama. Nasi, kwa kuogopa minong'ono, tulifupisha mahubiri na kulitaja jina lake mara moja tu. Mama yake, aliyekuwa akipokea fedha zake kila mwezi, alituuliza baadaye kama Misa ilikuwa imekwisha kweli.

Kitabu tumekirudisha kwa binti. Baba yake tumemwomba akisome baada yake.

Bahasha za kuwaombea Marehemu wa Novemba zimekwisha kuwekwa mlangoni mwa kanisa. Mwaka jana jina la dada yule halikuwamo katika bahasha hata moja, wala katika ya kwetu.