Eti vumilia, ndiyo uanamke!

Jana nilikuwa na test ya saa 2 asubuhi, nikaifanya huku nimejikunja. Sababu? Siku zangu. Tangu niwekewe kitanzi cha shaba miezi 3 iliyopita, tumbo la hedhi limekuwa vita.

Nikaenda kliniki. Dada wa zamu hata faili hakufungua: "Vumilia mdogo wangu, ndiyo uanamke. Ukizaa litaisha." Jamani! Mtu kaweka kitanzi ili asizae sasa, halafu dawa anayopewa ni azae? Tutafika kweli?

Kwa hasira nikaingia maktaba kudesa mwenyewe. Kumbe inajulikana wazi: kitanzi cha shaba huweza kuongeza maumivu na damu, hasa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Maumivu yanaletwa na prostaglandini, kemikali zinazoubana mfuko wa uzazi. Ibuprofeni inazuia zisitengenezwe, na damu nayo inapungua. Miligramu 400 kila baada ya saa 8, pamoja na chakula, mara maumivu yanapoanza, kwa siku 2 au 3. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu amuulize daktari kwanza. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo inasaidia. Ikishindikana, kipo kitanzi cha homoni, ambacho kwa wengi hupunguza damu na maumivu.

Kuniambia haya kungechukua dakika ngapi? Mbili!

Najua wengine mtasema bibi zetu walivumilia. Walivumilia kwa sababu hakukuwa na wa kuwapa dawa. Mimi wa kunipa yupo, kakaa kwenye kiti, ananiambia vumilia. Rumeti wangu naye aliambiwa hivyohivyo mwaka jana. Kikamshinda, akakitoa baada ya miezi 4. Leo ana mimba asiyoipanga na kaahirisha mwaka. Kitu cha kukaa miaka 10!

Tena hilo "vumilia" ni hatari. Homa, uchafu wenye harufu, hedhi kupitiliza, nyuzi kutogusika: hizo ni dalili za kurudi hospitali upesi. Yule dada hakuniuliza hata moja.

Dada zangu, mkiambiwa vumilia, msiondoke. Ulizeni: "Nivumilie nini, na dawa yake ipi?" Mkaeni hapohapo mpaka mjibiwe.

Ngoja nikachemshe maji. Kesho kuna test nyingine.