Herufi I, na wimbo wa bibi

 

Jumamosi iliyopita tulikuwa njiani kutoka Birmingham kwenda London, kwenye harusi ya mtoto wa binamu yangu. Mume wangu alikuwa kwenye usukani, mama yangu kakaa mbele pembeni yake, mimi nyuma na wanangu, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 8. Simu zote nilikuwa nimezikusanya mkobani (wazazi wenzangu mnanielewa). Baada ya nusu saa ya manung'uniko binti akaleta mchezo wao wa shuleni. Inachaguliwa herufi moja, kila mtu kwa zamu anataja wimbo ambao jina lake linaanza na herufi hiyo, anayekwama anatoka. Nyimbo ziwe za Kizungu, maana hizo ndizo anazozijua hakimu, na hakimu ni yeye. Herufi ikawa I.

Kwa Kiingereza I ni ghala lisiloisha. "Mimi" kwao ni hiyo herufi moja, inasimama peke yake, na waimbaji wao wanapenda sana kuanzia hapo. Mume wangu alianza na "I Will Survive" wa Gloria Gaynor, wa mwaka 1978. Huo naupenda kwa sababu za kikazi. Dada yule alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo baada ya kuanguka jukwaani, akaurekodi akiwa amefungwa mkanda wa kushikilia mgongo. Na kampuni iliuweka upande wa pili wa santuri, kama nyongeza tu. Madijei ndio walioigeuza santuri.

Mimi nikataja "I Will Always Love You". Wengi tunaujua kwa sauti ya Whitney Houston, kutoka kwenye filamu ya mwaka 1992. Mwenyewe ni Dolly Parton, aliyeutoa mwaka 1974, na aliutunga kumuaga Porter Wagoner, mwenzake wa kipindi cha televisheni, alipoamua kwenda kujitegemea. Kwa hiyo ni wimbo wa kuagana kazini! Usiku ule ule tuliusikia ukumbini bibi harusi akiingia, watu wanafuta machozi. Nilinyamaza. Harusini si mahali pa kusahihisha watu.

Mwanangu wa kiume akatoa "Imagine" wa John Lennon. Binti akataja kitu ambacho mimi sijawahi kukisikia, hakimu akajikubalia mwenyewe. Ukaja "I Just Called to Say I Love You" wa Stevie Wonder, wa mwaka 1984, na hapo nikakumbuka enzi za kadi za kupigia simu nyumbani, dakika zinakatika kabla hujamaliza kuwasalimia wakubwa.

Zamu ikafika kwa mama. Kimya. Tukapita magari ya mizigo matatu, bado kimya. Binti akauliza kwa upole, "Bibi, unatoka?"

Mama akaanza kuguna sauti ya wimbo, akaupata, akaufuata mpaka mwisho wa ubeti. Kisha akasema, "Ule wa Jim Reeves. Nakupenda kwa sababu. Mjomba wangu alikuwa na santuri yake Tanga."

"Hiyo ni N, bibi. Umetoka."

"N gani, mke mwenzangu? Nimetaja wimbo, sikutaja herufi."

Baba yao alicheka mpaka nikamwambia aangalie barabara. Mimi sikucheka.

Miezi miwili kabla yake nilimpeleka mama kwenye kliniki ya kumbukumbu. Alikuwa ameacha jiko linawaka mara mbili, na mara moja alimwita binti yangu kwa jina la dada yangu marehemu. Wakampa kipimo kinachotumika sana duniani. Sehemu yake moja ni hii: kwa dakika moja, taja maneno mengi uwezavyo yanayoanza na herufi F. Majina ya watu na ya miji hayahesabiwi. Maneno 11 kwenda juu ndiyo kawaida. Mkalimani hakuwepo. Mpimaji, kwa nia njema, akasema anaweza kutumia lugha yake, akaanza kuhesabu.

Mama akasema fundi, figo, fimbo, fisi. Akasema fagio, akasita. "Fagio ni nyingi, moja ni ufagio. Wanataka moja au nyingi?" Akaleta funguo, akakwama palepale. Akaanza "kufua", akajirudi: hiyo ni K. Neno "fupi" akalizungusha mdomoni, mfupi, kifupi, akaliacha. Kengele ikalia. Kwa hesabu yao alipata sita.

Nimesoma diploma nyumbani na digrii huku, nimefanya kazi wodi za wazee kwa miaka, na sikufungua mdomo. Niliona haya kuonekana ninamtetea mama yangu mbele ya wataalamu wenzangu. Ningesema nini? Ningesema kwamba kwetu herufi ya kwanza mara nyingi si ya neno, ni ya ngeli yake. Inabadilika ukiongeza kitu cha pili. Kitenzi ukikitaja kinavaa "ku" mbele. Na maneno matatu ya Kiingereza yanayoanza na I, ya kumwambia mtu unampenda, sisi tunayasema kwa neno moja linaloanza na N. Mtu aliyesomea shule ya Kiingereza maneno yake yamepangwa kwa alfabeti kama kamusi. Mama yangu hakuyapanga hivyo kamwe, hata akiwa kijana mwenye kumbukumbu ya chuma.

Wala msinielewe vibaya. Kuimba wimbo wa Jim Reeves garini hakuthibitishi kwamba mama ni mzima. Nimewauguza watu wasiomjua tena mtoto wao wa kumzaa, na ukianzisha wimbo wa ujana wao wanaumaliza wote. Nyimbo hukaa mahali pake. Jiko liliachwa kweli, na miadi hatukuifuta.

Jumatatu nilipiga simu kliniki. Nikaomba apimwe upya na mkalimani wa Kiswahili, na mpimaji aelezwe mapema suala hili la herufi. Wamekubali. Kwa mlio Uingereza: mkalimani wa hospitali au wa GP ni bure, mnamwomba wakati wa kupanga miadi, si siku yenyewe. Na asiwe mtu wa familia. Huruma hutufanya tuyanyooshe majibu ya wazee wetu, au haya hutufanya tunyamaze.

Tulipofika kituo cha mafuta simu moja ilitolewa mkobani ili kesi iamuliwe. Wimbo ni "I Love You Because". Mtunzi ni Leon Payne, mwaka 1949, na alikuwa kipofu kama Stevie Wonder. Jim Reeves aliufanya uvume hapa Uingereza mwaka 1964, na mwaka huohuo, mwezi wa saba, akafa kwenye ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe karibu na Nashville. Mama hakuyajua hayo ya ndege. Alikaa kimya, kisha akauliza kama aliacha watoto.

Hakimu akaamua kwamba bibi arudi mchezoni, na wimbo wake uandikwe pande zote mbili, chini ya I na chini ya N. Mdogo wake akapinga kwamba huo ni upendeleo.

Wakati wa kurudi mama alitaka herufi M, ya Kiswahili. Tulikuwa hatujatoka hata London, wote tumeshatolewa isipokuwa yeye.

Miadi ni Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi.