Mita ya maji ikisema bibi hajaamka, nani ana ufunguo wa mlango?

Wadau, hii habari ya Japani kufuatilia hali ya wazee kwa matumizi ya maji nyumbani, wengi wanaichukulia kama kituko. "Wajapani bana, hawaishiwi mambo!" Kabla hatujacheka, tuangalie namba. Mwaka 2024 polisi wa huko walihesabu watu 76,020 waliokuwa wakiishi peke yao wakakutwa wamekufa majumbani mwao. Zaidi ya robo tatu walikuwa na miaka 65 kwenda juu, na wapo waliokaa zaidi ya mwezi bila mtu kujua. Hadi neno lake wanalo: kodokushi, kifo cha upweke.

Sasa maji yanaingiaje? Mtu akiamka lazima aende chooni, anawe, achemshe chai. Mita za kisasa zinatuma taarifa zenyewe, kwa hiyo ikifika saa nne asubuhi na hata tone halijapita, mtoto aliye mji mwingine anaweza kupata ujumbe kwenye simu. Maji yakitiririka masaa mfululizo nayo ni dalili, huenda mtu kaanguka bomba likiwa wazi.

Wazo si geni. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ilianza huduma ya birika la umeme liitwalo i-Pot. Mzee akimimina maji ya chai, birika linarekodi, na familia inapata barua pepe mara mbili kwa siku. Mimi hili la birika nalipenda zaidi, hasa nikifikiria huku kwetu kwenye mgao: mita ingesoma siku tuliyojaza ndoo na simtanki, siyo siku bibi alipooga.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi, maji yasome na magonjwa. Choo kikiflashiwa mara tano usiku badala ya moja, inaweza kuwa kisukari, tezi dume au maambukizi ya njia ya mkojo. Sawa, inaweza. Inaweza pia kuwa mgeni kalala hapo, au choo kinavuja. Mita haijui nani kafungua bomba. Na kule wazee wengi hufia kwenye yale mabeseni makubwa ya kuogea, kuliko hata ajali za barabarani. Anayezama kwenye maji yaliyokwishajaa anaondoka kwa dakika chache, ujumbe utakuja kesho yake asubuhi. Kwa hiyo wanaoiita mita "daktari" wanatia chumvi.

Kinachonikera mimi ni kwamba mjadala unaishia kwenye kifaa. Ujumbe ukishafika kwa mtoto aliye kilomita 500, nani anakwenda kugonga? Japani wana minsei-iin, watu wa kujitolea zaidi ya 200,000 wanaotembelea wazee mitaani kwao. Lakini wengi wao wenyewe wameshapita miaka 60, na kwenye uteuzi wa 2022 nafasi zaidi ya 10,000 zilikosa watu. Yaani mita zinaongezeka, wagonga mlango wanapungua!

Halafu kuna la ridhaa. Ratiba ya choo ya mtu mzima ni siri yake. Mtoto kulipia huduma hakumpi haki ya kuisoma kila siku kama mama mwenyewe hajakubali, na akisema hapana iwe hapana.

Wadau mlioko Japani, au mnaokaa na wazee popote, tupeni mnayoyaona. Mama yako angekubali?