"Mimi binafsi" si jibu

Mgombea ubunge akiulizwa kuhusu kutoa mimba, mara nyingi hujibu: "Mimi binafsi ninapinga." Watu wanapiga makofi, swali limekwisha. Lakini mwanafunzi wa isimu hawezi kuacha kutazama nafsi. Mgombea amejibu kwa nafsi ya kwanza. Sheria tunayomtuma kuitunga husemwa kwa nafsi ya tatu.

Hapa Kongo, kifungu cha 166 cha sheria ya adhabu kinamfunga mwanamke aliyetoa mimba. Itifaki ya Maputo, iliyochapishwa katika gazeti rasmi mwaka 2018, inamruhusu kuitoa kwa daktari ikiwa alibakwa, ikiwa mimba ni ya ndugu wa damu, au ikihatarisha afya yake. Na kifungu cha 215 cha Katiba kinaweka mikataba iliyochapishwa juu ya sheria.

Basi msichana aliyebakwa, na daktari anayeogopa gereza, wafuate andishi lipi? Imani ya mgombea naiheshimu. Nami nina yangu. Ila tusimwache ashuke jukwaani kabla hajatuambia: kifungu cha 166 atakifanya nini?