"Kama Nilivyoipokea"

Imezuka desturi siku hizi katika simu za watu. Mtu humpelekea mwenziwe khabari ya mauti, au ya vita, au ya dawa mpya, au ya mkubwa fulani aliyeiba, kisha chini yake huandika maneno mawili: "Kama nilivyoipokea." Akishayaandika hayo hujiona amejivua dhima yote. Ukimwuliza, "Nani aliyesema haya?" atakujibu, "Mimi nimetumiwa tu." Ukizidi kumwuliza, "Na huyo aliyekutumia, katumiwa na nani?" hukasirika kana kwamba umemwita mwongo.

Mimi nasema kuwa udhuru huu haufai kitu. Anayeipeleka khabari ni msemaji wa khabari hiyo, sawasawa na aliyeitunga, na khabari zetu zimeharibika kwa sababu ya watu hawa wanaodai kuwa wao ni wapitishaji tu.

Ajabu ni kuwa sisi, kuliko watu wote, ndio tuliofundishwa jambo hili. Wanavyuoni wa hadithi hawakumkubalia mtu aliyekuja akasema, "Nimesikia." Walitaka aseme: nimepokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, mpaka mwisho wake. Kisha kila jina katika silsila hiyo lilichunguzwa. Je, alikuwa mkweli? Alikuwa na hifadhi nzuri, au uzee ulikwisha mchanganya? Na hawa wawili walikutana, au mmoja alifia Misri na mwingine hakupata kutoka Nishapur? Akionekana mmoja tu asiyejulikana ni nani, khabari iliwekwa kando hata ikiwa maneno yake ni matamu kama asali. Imam Muslim, aliyefariki mwaka 261 Hijria, kabla ya kuingia katika hadithi zenyewe alitanguliza mlango mzima wa kukataza mtu kuhadithia kila alisikialo. Leo kijana huyasoma haya chuoni, akajua ipi sahihi na ipi dhaifu, kisha akitoka mlangoni hutia mkono mfukoni akawapelekea watu mia mbili kwa mara moja khabari ambayo mpokezi wake wa kwanza hajulikani hata jina. Ninao wanafunzi wa namna hii, nao wanajua ninavyowaambia.

Atasema mtu: "Sheikh, hayo ni mambo ya dini, hizi ni porojo za simuni, zina madhara gani?" Basi na atazame yaliyotokea Bara Hindi. Huko Karachi, Pakistan, ilitengenezwa filamu fupi ya kuwatahadharisha wazee juu ya wezi wa watoto. Katika filamu hiyo watu wawili juu ya pikipiki wanamnyakua mtoto, na mwishoni wanamrudisha, na yanaonyeshwa maandishi ya kueleza kuwa hili ni funzo. Mtu mmoja asiyejulikana aliukata mwisho ule. Kilichobaki kikaenea India kwa WhatsApp, pamoja na maneno ya kwamba wezi wa watoto wameingia vijijini. Khabari kama hizi zilipita mkoa baada ya mkoa. Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra, walipita wanaume watano, watu masikini wa kabila la kuhamahama. Wanakijiji waliwashuku kuwa ndio hao wezi, wakawapiga mpaka wakafa wote watano. Wala hawakuwa peke yao waliouawa hivyo mwaka ule. Sasa, kila aliyeipitisha khabari ya wezi wa watoto bila ya kuuliza imetoka wapi, atasema kuwa yeye "alitumiwa tu"?

Wenye kampuni wenyewe waliliona hilo. Mwezi ule ule wa Julai 2018 WhatsApp walianza kuweka mpaka India, kuwa ujumbe mmoja usipelekwe mbele kwa zaidi ya mahali patano kwa mara moja. Januari 2019 wakautia mpaka huo dunia nzima. Na Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukazuiwa usipelekwe ila mahali pamoja pamoja. Mfanyabiashara hafungi duka lake bure. Kama mpitishaji hana dhambi, kwa nini afungiwe yeye?

Wapo wanaotupa lawama yote kwa mashine. Mwaka 2018 wataalamu watatu wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa katika jarida la Science uchunguzi wa khabari kiasi cha 126,000 zilizoenea Twitter tangu mwaka 2006 mpaka 2017. Waliona kuwa uwezekano wa khabari ya uongo kupelekwa mbele umeizidi ile ya kweli kwa asilimia 70, na kuwa khabari ya kweli ilichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa mashine katika hesabu, jawabu halikubadilika. Ni watu! Uongo huwa mpya, una mshangao, na binadamu hupenda awe wa kwanza kumwambia mwenziwe.

Na magazeti nayo, badala ya kusimama mbali, yamejitia humo humo. Mhariri wa zamani alimrudisha mwandishi wake barabarani akamwuliza mtu wa pili na wa tatu. Leo akichelewa saa moja, wasomaji wamekwisha kwenda kwingine na fedha za matangazo zimewafuata. Na waongo wamejifunza kuiba hata majina ya wakweli. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017 zilienea video zenye alama za BBC na CNN, zikitangaza kura za maoni, na mashirika yote mawili yakasema kuwa si zao. Katika ilimu yetu mtu kama huyu, anayebandika silsila ya wakweli juu ya maneno yake mwenyewe, ana jina lake, nalo si zuri.

Lakini linaloniuma zaidi ni uongo unaopelekwa kwa nia njema. Tangu tarehe 25 Agosti 2017 zaidi ya Warohingya 700,000 walikimbia Myanmar kwenda Bangladesh, kwa dhulma iliyo wazi, iliyoshuhudiwa na kuandikwa. Mitandao hiyo hiyo ilikuwa imekwisha tumika kuwachochea watu juu yao, na Facebook ilikiri mwaka 2018 kuwa haikufanya ya kutosha kuzuia. Sisi tukafanya nini? Tukapelekeana picha za kutisha bila ya kuuliza za wapi. Tarehe 29 Agosti 2017 naibu waziri mkuu wa Uturuki, Mehmet Şimşek, alitoa picha kadha akisema ni za Warohingya. Moja ilikuwa ya watoto wa Rwanda, mwaka 1994. Nyingine ilikuwa ya mwanamke wa Aceh, Indonesia, mwaka 2003. Alizifuta baadaye, lakini Aung San Suu Kyi alikwisha pata la kusema: hizo picha, alidai, zaonyesha wingi wa uongo unaosemwa juu ya nchi yake. Madhulumu alikuwa na ushahidi wa kweli, nasi tukampa dhalimu wake hoja.

Sitaki nifahamike kuwa nachukia simu. Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis, polisi walitangaza kuwa mtu amekufa kwa maradhi walipokuwa wakimkamata. Msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, alikuwa pale, akapiga video, akaitoa kwa jina lake, na dunia ikaona jinsi George Floyd alivyouawa. Huyo ni shahidi. Alisimama, akaona, akajulikana, na baadaye akaulizwa mahakamani akajibu. Tofauti yake na wetu wa "kama nilivyoipokea" ni kama tofauti ya mchana na usiku.

Na tusiende mbali. Kila mwaka, usiku wa ishirini na tisa wa Ramadhani, simu hujaa: "Mwezi umeonekana." Umeonekana wapi? Na nani? Siingii hapa katika ugomvi wa mwandamo wa nchi moja au wa dunia nzima. Kila upande una wanavyuoni wake, na wote wanataka shahidi. Zamani mtu akidai kuuona mwezi aliletwa mbele ya kadhi. Aliulizwa alisimama wapi, jua lilikuwa limekwisha tua au bado, mwezi ulikuwa upande gani wa jua, pembe zake zimeelekea wapi, na nani mwengine alikuwa naye. Wako waliorudishwa makwao kwa swali la tatu tu. Ujumbe wa simu hauulizwi hata moja katika hayo, na kuna watu asubuhi yake hula kwa ujumbe huo.