MASHINE YA KUKATIA NYASI: TUCHAGUE KWA KUJUA

Wahenga walinena: mchagua jembe si mkulima. Usemi huo ni wa haki kwa jembe. Lakini kwa mashine za kukatia nyasi, ambazo shule, zahanati na vijiji vyetu hapa Mafia huzitamani kila masika yanapokwisha na majani kufika kiunoni, asiyechagua hupoteza fedha za umma.

Mashine hizi aghalabu ni za aina tatu. Ya kwanza ni ya silinda, iliyobuniwa na Edwin Budding wa Uingereza mwaka 1830, kwa kuiga mtambo wa kiwandani uliopunguza manyoya ya vitambaa. Visu vyake vilivyopindwa huzunguka na kuzibana nyasi juu ya kisu kisichosogea, mithili ya mkasi. Iliyo ndogo husukumwa kwa mikono bila tone la petroli. Lakini yataka uwanja tambarare na nyasi fupi. Jiwe moja au kifuu kimoja cha nazi chatosha kuharibu makali yake.

Ya pili ina kisu kinachozunguka kwa kasi chini ya kifuniko, kama pangaboi. Hii haibani nyasi, bali huzipiga. Huvumilia majani marefu zaidi, ila jiwe likiingia hurushwa kama risasi.

Ya tatu huning'inizwa begani. Ni mpini mrefu wenye injini, na nchani uzi wa nailoni au kisu. Uzi huo ulibuniwa na George Ballas wa Houston, Marekani, mwaka 1971. Hupita kandoni mwa kuta, makaburi na mashina ya minazi, mahali ambapo mashine za magurudumu hazifiki. Pamoja na hayo, haibagui gugu na mche wa mnazi.

Kwa ardhi yetu yenye mawe ya matumbawe na makumbi, sisi twaona hiyo ya tatu ndiyo yenye manufaa zaidi. Lakini ununuzi si mwisho wa kazi. Injini zake nyingi hutaka petroli iliyochanganywa na oili. Ikitiwa petroli tupu, injini hukwama na kufa. Mafuta na vipuri hutufikia kwa kuvuka bahari, na hewa ya chumvi haisamehi chuma kilichotelekezwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa mchango, wananchi waulize: uwanja wetu ni wa namna gani? Nani atakayeitunza mashine? Mafuta yatalipiwa na nani? Asiyeweza kujibu na abaki na fyekeo lake, wala asione haya, maana fyekeo lililonolewa ni bora kuliko mashine iliyolala stoo.

Na pale mashine itakapopatikana, aishike mtu mzima aliyefundishwa, mwenye viatu vigumu na miwani ya kukinga macho. Wanafunzi wakae mbali, darasani. Saa za masomo wanazozitumia kufyeka ndizo tunazotaka kuwarudishia. Tusiwarudishie saa hizo huku tukiwapokonya macho yao.