Anayetembelea kigari hanywi maji mchana: tujiulize kwa nini

Leo nina neno juu ya joto.

Watu wakifika kutoka Kinshasa wanatuambia Goma ni mji wa baridi. Si uongo. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku tunatafuta blanketi. Lakini saa sita mchana, hasa miezi ya kiangazi ya Juni hadi Agosti, jua la hapa linachoma. Ikweta iko karibu, miti ya kivuli ni michache, na chini tuna mawe meusi ya volkano yanayoshika joto kama sufuria. Anayetembea kwa miguu anavuka haraka na kujificha chini ya baraza la duka. Anayesukuma kigari cha magurudumu kwa mikono yake, juu ya mawe hayo, siku nzima, anafanya kazi sawa na ya mtu wa chukudu. Tofauti ni kwamba mwenye chukudu akichoka anasimama, anajinyoosha, anakunywa maji.

Huyu wa kigari hanywi. Wengi wao watakuambia: toka asubuhi mpaka jioni wanalowesha midomo tu. Sababu yake si ukosefu wa maji peke yake, ingawa tunajua shida ya bidoni katika mji huu. Sababu ni choo. Choo cha uwanjani kina ngazi mbili za mawe, mlango mwembamba, na shimo la kuchuchumaa. Kwa mama aliyepoteza mguu au kijana aliyeumia uti wa mgongo, choo hicho ni sawa na kimefungwa. Basi anaona afadhali kiu kuliko kubebwa mbele ya watu. Familia zilizokimbia, zinazotumia choo kimoja na nyumba nyingi, zinaijua aibu hiyo zaidi.

Maoni yangu ni haya: tunapomwona mtu wa kigari analowa jasho tunasema ni jua la Mungu. Hapana. Sehemu kubwa ya mateso hayo tumeyajenga sisi wenyewe kwa saruji na mbao, na tunaweza kuyabomoa.

Tusidhani ni jambo la raha tu. Mwili unaofanya kazi bila maji unaleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na ugonjwa wa njia ya mkojo. Mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu mara nyingi hatoi jasho chini ya pale alipoumia, kwa hiyo mwili wake haujipozi vizuri. Anaweza kupata joto la hatari bila kulisikia mapema. Tena yuko juu ya kiti. Jasho likikaa kati ya ngozi na sponji yenye plastiki, ngozi inalainika, inachubuka, inakuwa kidonda. Vidonda vya kukaa vikiingia ndani vinafika kwenye mfupa, na vinaua watu.

Kwa wenye vigari, yapo ya kufanya kwa gharama ndogo. Vaeni nguo ya pamba isiyobana. Funikeni sponji kwa kitambaa cha pamba kikavu, na mkibadilishe kikilowa. Kitambaa chenye maji kiwekeni shingoni na mikononi, kamwe si kwenye kiti. Kila nusu saa, au mapema zaidi, jinyanyueni kwa mikono au inameni mbele na pembeni ili damu ipite. Jioni mtu wa nyumbani atazame ngozi. Alama nyekundu isiyoondoka ni onyo. Msiache kigari juani: chuma kikipata moto kinaunguza mguu usiosikia. Pitieni kwa kwado kujaza upepo, maana tairi laini linaongeza kazi na jasho. Kwa ushauri wa kigari na mazoezi, hapa Goma tuna kituo cha Shirika la Umoja, kilichojulikana kwa miaka mingi kwa viungo bandia.

Lakini hayo yote hayatoshi kama choo hakiingiliki. Hapo ndipo zamu yetu.

Kuna atakayeniambia: ndugu mwandishi, sisi sote tunateseka, chakula chenyewe ni shida, wewe unatuletea habari za milango? Namwelewa. Lakini hesabu ni ndogo. Mlango wa sentimeta 90 unapitisha kigari. Kiti cha mbao chenye tundu, kinachowekwa juu ya shimo, ni kazi ya fundi seremala yeyote. Ngazi ya sentimeta 20 inageuzwa mteremko wa mita 2 na nusu hivi kwa mawe tunayoyakanyaga kila siku na saruji kidogo. Siku ya Salongo tunakusanyika kusafisha barabara. Kwa nini Salongo moja isiwe ya choo kimoja katika kila avenyu? Mkubwa wa nyumba kumi anajua ni uwanja gani una mtu wa kigari. Aanze hapo, na amwulize mwenyewe kabla ya kujenga.

Kwa mashirika yanayogawa msaada: watu hawa msiwapange juani pamoja na mstari mrefu. Wapeni kivuli, maji na zamu ya kwanza, na choo wanachoweza kukitumia kiwe karibu. Kumpa mtu kigari na kumwacha bila choo ni msaada nusu.

Kwa viongozi: katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2015, na sheria yao wenyewe ilitiwa saini tarehe 3 Mei 2022. Soko, shule, kituo cha afya au kanisa likijengwa leo lenye ngazi tupu na choo chembamba, sheria hiyo inabaki karatasi.

Wiki hii, kabla ya kumwambia jirani wa kigari "kunywa maji, jua ni kali", nenda kwanza ukapime mlango wa choo chako.